Sukari Ndani ya Chupa ya Chanjo

Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kliniki. Siku moja niliulizwa kwa uchungu, na tangu siku hiyo sijalisahau.

Ilikuwa alasiri, saa tisa imepita. Mama mmoja kutoka Kawangware alikuwa anajifunga leso ili ambebe mtoto waende nyumbani. Akaniona nikitia kwenye sanduku la taka za hospitali chupa ya chanjo ya ukambi, ile ambayo wengine huita surua. Chupa ilikuwa bado na dawa, karibu nusu. Akasimama. "Sista, si hiyo ni dawa nzuri? Juzi nilirudishwa nyumbani na kliniki nyingine, nikaambiwa watoto hawajatosha kufungua chupa, nirudi Alhamisi. Leo wewe unaitupa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto wake alikuwa na miezi kumi na moja, na sindano hiyo alipaswa kuipata akiwa na miezi tisa. Nilimjibu haraka kwamba ikishachanganywa haikai zaidi ya muda wa saa sita, ndiyo sheria. Aliitikia kwa heshima tu, nikaona jibu halikumtosha. Mimi pia halikunitosha. Jibu lenyewe ni refu, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa yake ilitokea hapa jirani, Kabete na Muguga. Na linaanza na ng'ombe.

Lakini kabla ya ng'ombe, hebu tuingie jikoni. Ukitaka kupika mahamri unanunua pakiti ya hamira. Zile chembechembe kavu zina uhai. Hamira ni vijidudu vidogo vilivyokaushwa, vikalala. Ukivitia kwenye maji ya uvuguvugu vinaamka na kuanza kutoa povu. Sasa jiulize: ukianika nyama au mchicha hadi ukauke, je, ukiutia maji unarudi kuwa hai? Haurudi. Kwa nini basi hamira inarudi? Shika swali hilo, tutalirudia.

Miaka ya 1890 ugonjwa uitwao sotoka uliingia nchi zetu ukitokea upande wa Ethiopia. Sotoka iliua ng'ombe kwa homa na kuhara, na pamoja nao nyati na wanyama wengine wa porini. Wamaasai walipoteza karibu mifugo yao yote. Unajua maana ya hayo kwa mama mwenye mtoto mdogo: maziwa yamekwisha, na chakula cha boma kimekwisha. Njaa ikafuata, na ndui ikafuata njaa. Wazee waliohesabu miaka kwa matukio waliuhesabu mwaka huo kwa muda mrefu sana.

Sotoka ilikaa nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, katika maabara ya mifugo ya Kabete, ng'ambo tu ya Uthiru, virusi vya sotoka vilitolewa kwa ng'ombe mgonjwa na kuhifadhiwa. Wataalamu waliviita Kabete O. Jina hilo la mtaa wetu lingesomwa baadaye na madaktari wa mifugo ulimwengu mzima.

Ukitoka Dagoretti Market kwa matatu ukapita Kikuyu, kisha ukaendelea kidogo upande wa Limuru, utafika Muguga. Huko ndiko kulikuwa na shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki. Daktari Mwingereza, Walter Plowright, alifanya kazi hapo pamoja na mwenzake R. D. Ferris. Walichukua Kabete O wakaviotesha ndani ya chembe za figo za ndama katika chupa, wakavihamisha chupa hadi chupa, mara tisini na zaidi. Kila kuhama kulivipunguzia ukali, hadi vikawa haviwezi kumwua ng'ombe ila vinaufundisha mwili wake kujikinga. Habari za chanjo hiyo zilichapishwa mwaka 1962.

Hapo ndipo shida iliyoletea wauguzi na akina mama kazi hadi leo ilipoanza. Chanjo ilikuwa nzuri maabarani, lakini ng'ombe wako Turkana, wako Garissa, wako Karamoja. Virusi hivyo ni hai, na uhai wa namna hiyo ndani ya maji hauvumilii joto hata kidogo. Ukiviweka kwenye mkoba ukatembea nusu siku juani, unamchoma ng'ombe sindano ya maji matupu.

Dawa yake ilikuwa kuikausha. Si kukausha kwa jua wala kwa moto. Chanjo hugandishwa kwanza iwe barafu, kisha huwekwa ndani ya chombo kinachonyonywa hewa. Humo barafu huondoka kama mvuke bila kuyeyuka kuwa maji. Kinachobaki chini ya chupa ni kitu kama keki ndogo nyeupe. Njia hii ilikuwa imeshatumika kwa chanjo ya ndui. Leslie Collier wa taasisi ya Lister, Uingereza, aliieleza miaka ya 1950, na chanjo hiyo kavu ndiyo iliyozunguka Afrika ikiwa mifukoni mwa wachanjaji hadi ndui ikaisha. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, ilitangazwa papa hapa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imeondokana na ndui.

Virusi vya ndui ni vigumu, vinastahimili. Vya sotoka ni laini. Ukivikausha hivihivi, vingi vinakufa papo hapo. Kwa hiyo ilibidi vitiwe kitu cha kuvilinda. Plowright na wenzake walijaribu vitu mbalimbali wakavipima, na mwaka 1970 walichapisha matokeo kuhusu namna chanjo kavu inavyodumu. Mchanganyiko uliokuja kutumika kwa chanjo ya sotoka ulikuwa protini ya maziwa iliyovunjwavunjwa, pamoja na sukari. Naam mama, sukari. Sukari ya kawaida, ndugu ya hii unayotia kwenye chai ya mtoto, ila imesafishwa kwa kiwango cha dawa.

Wataalamu walijua kwamba sukari inasaidia, lakini maelezo kamili ya sababu yalikuja baadaye, na yalitoka kwa watu ambao hawakuwa wakishughulika na ng'ombe wala watoto.

Virusi vya sotoka, kama virusi vya ukambi, vimevaa koti jembamba la mafuta, matabaka mawili yaliyobanana. Hata chembe za mwili wako zina utando kama huo. Miaka ya 1960 mtafiti Alec Bangham, aliyekuwa Babraham karibu na Cambridge, alionyesha kwamba mafuta ya namna hiyo yakitiwa majini yanajikunja yenyewe kuwa vitufe vidogo mno vyenye nafasi ndani. Vitufe hivyo vinaitwa liposomu. Hazina uhai, ni koti tupu bila mwenyewe. Kwa sababu hiyo zilifaa sana kwa majaribio: ukitaka kujua koti la mafuta linapatwa na nini likikauka, kausha liposomu uone.

Mume na mke, John na Lois Crowe, wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifanya hivyo. Walikuwa wanachunguza wanyama wadogo mno ambao hukauka kabisa wakaonekana wamekufa, kisha mvua ikinyesha wanatembea. Waliona kwamba viumbe hao hujaza miili yao sukari iitwayo trehalosi kabla ya kukauka. Hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya hamira yako ya mahamri. Basi miaka ya 1980 walichukua liposomu, wakazitia kitu ndani, wakazikausha kwa kugandisha. Zilizokaushwa bila sukari zilipasuka, zikaungana zikawa mabonge, na kilichokuwa ndani kikavuja. Zilizokaushwa na trehalosi ya kutosha zilipotiwa maji zilirudi zikiwa nzima, na karibu kila kilichokuwa ndani kilikuwemo.

Maelezo yao ni rahisi kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi. Matabaka ya mafuta yanakaa kwa mpangilio kwa sababu maji yameketi katikati ya vichwa vyake. Maji yakiondoka, vichwa vinabanana na mpangilio unaharibika. Sukari ikiwepo, maji yanapoinuka yenyewe inaketi kwenye kiti kilekile, na hakuna anayesogea. Wengine waliongeza jambo lingine: sukari inapokauka hivi haiwi chembechembe kama ya kilo. Inakuwa ngumu na angavu kama peremende, na kila kilichomo kinashikwa mahali pake kama nzi aliyenaswa ndani ya peremende. (Samahani kwa mfano huo, lakini hutausahau.)

Baada ya hapo kazi iliendelea kwa haraka. Mwaka 1990 daktari wa mifugo Jeffrey Mariner na wenzake walieleza chanjo ya sotoka iliyokaushwa zaidi, pamoja na sukari na ile protini ya maziwa, ambayo iliweza kukaa nje ya friji hadi siku 30. Wafugaji wenyewe waliofundishwa waliibeba kwa miguu hadi malishoni, mahali ambapo gari la serikali halikufika. Ugonjwa wa mwisho wa sotoka kujulikana duniani ulionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru, hapa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa hauna sotoka tena. Plowright alikuwa ameshapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Ukipita kwenye machinjio ya Dagoretti ukaona ng'ombe waliotoka kaskazini wakiteremshwa kwenye lori, ujue kuna ugonjwa mmoja ambao hakuna tena anayewachunguza kwa hofu nao.

Sasa turudi kwa mtoto wako, kwa maana hatujaenda mbali. Virusi vya ukambi na vya sotoka vina babu mmoja. Ni ukoo mmoja, koti moja la mafuta, udhaifu mmoja. Virusi vya ukambi vilipatikana maabarani Boston mwaka 1954 na watu wa John Enders, na chanjo ikapata kibali Marekani mwaka 1963. Chanjo za kwanza ziliharibika upesi kwa joto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo zilipopatikana zilizolindwa vizuri zaidi. Siku hizi hutiwa vitu kama sorbitoli, ambayo ni jamaa ya sukari. Usiogope, ni kidogo sana, haiwezi kumletea mtoto kisukari wala kumwozesha meno.

Matokeo yake yasikilize vizuri. Chanjo ya ukambi ikiwa bado unga mkavu inatakiwa iweze kuvumilia joto la nyuzi 37 kwa wiki nzima na ibaki na nguvu. Hilo ni joto la siku mbaya sana Lodwar. Lakini ukishaichanganya na maji, ikikaa kwa joto la chumba la nyuzi 20 hivi na kidogo, inapoteza karibu nusu ya nguvu yake kwa muda wa saa moja. Ikifikia nyuzi 37, saa hiyo moja inaimaliza karibu yote. Wiki nzima ikiwa kavu, saa moja ikiwa majimaji. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya ukavu na sukari. Maji yakirudi, yanamwinua sukari kwenye kiti, yanakalia mahali pake pa zamani, na ulinzi umekwisha. Ndiyo maana utaona chupa iliyochanganywa tunaichomeka kwenye sponji juu ya barafu na kuificha mwanga. Si madaha, sista anakimbizana na saa.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi. Chanjo hii haina dawa ya kuua vijidudu ndani yake, kwa sababu dawa kama hiyo ingeviua virusi vya chanjo vyenyewe. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa ni kama uji ulioachwa mezani. Kidudu kikiingia kupitia sindano kinapata maji, kinapata chakula, kinazaana. Mei 2017, kijijini Nachodokopele huko Kapoeta, Sudan Kusini, si mbali na mpaka wetu wa Turkana, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa ukambi. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa ilipotoka kiwandani. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumiwa kwa chupa nyingi siku zote nne za kampeni, chanjo haikuwekwa kwenye baridi, na waliochanja hawakuwa wamefunzwa. Watoto wale waliuawa na sumu ya vijidudu. Kila ninapotupa chupa iliyobaki nusu nawakumbuka wale mama wa Kapoeta. Ningependa na wewe uwakumbuke, usije ukamsihi sista akuwekee iliyobaki hadi kesho asubuhi.

Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto akizaliwa ni unga pia, na sheria yake ni hiyohiyo. Wewe mwenye watoto nyumbani Busia, Siaya au Homa Bay, utakuwa umesikia chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019. Ile ina chupa mbili. Moja ni unga uliokaushwa pamoja na sukari. Nyingine ni majimaji yenye zile liposomu tulizozitaja, zikiwa zimebeba viungo vya kuuamsha mwili ujikinge vizuri. Zikichanganywa, hazipiti muda wa saa sita.

Liposomu zenyewe zimekuwa dawa pia. Baringo, Pokot Magharibi na Turkana kuna ugonjwa wa kala-azar, unaoenezwa na usubi wadogo ambao hupenda kukaa kwenye vichuguu vya mchwa. Tumbo la mtoto linavimba kwa wengu, homa haiishi, na bila matibabu huua. Sindano za zamani ni hatari kwa mama mjamzito. Kuna dawa moja kali, amfoterisini, ambayo ikitiwa ndani ya liposomu inapungua ukali wake kwa figo, na mama mjamzito mwenye kala-azar anaweza kutibiwa nayo. Dawa hiyo inafika hospitalini ikiwa unga, na ndani ya kila kichupa kuna sukari nyingi kuliko dawa yenyewe. Bila sukari, liposomu zingeungana zikawa mabonge kabla hazijafika hata bandarini.

Basi, kuhusu yule mama na Alhamisi yake. Chupa moja ya ukambi ina dozi kumi. Kliniki nyingi hupanga siku ambayo watoto wanakusanyika ili dozi zisipotee, na sababu yake sasa unaijua. Lakini mimi sikubaliani na kumrudisha mtoto ambaye amechelewa miezi miwili. Dozi tisa zikitupwa ni hasara, ndiyo, ila mtoto anayeondoka bila chanjo anaweza asirudi. Huenda mama akakosa nauli, akapata kibarua, au akaenda shagz. Nimemwona mtoto wa hapa mitaani aliyerudishwa namna hiyo akaletwa baadaye na macho mekundu, vipele mwili mzima na kifua kinachokoroma. Alipona, lakini alilala hospitalini siku tisa. Kwa hiyo nikiwa zamu mimi, nafungua.

Wewe nawe una ya kufanya. Uliza kliniki yako siku ya ukambi ni ipi kabla mtoto hajatimiza miezi tisa, na uiandike kwenye kile kitabu cha kliniki. Uliza tena kabla ya miezi kumi na minane, kwa sababu sindano ni mbili, na ya pili ndiyo tunayoipoteza zaidi kwa kuwa mtoto anakimbia na mama anaona ameshakua. Ukiambiwa urudi siku nyingine, uandikiwe tarehe, na useme wazi kama mtoto ameshapita umri. Fika asubuhi, maana chupa ikifunguliwa mapema nawe ukafika alasiri, huenda imeshatupwa.

Unaweza pia kuomba kuonyeshwa chupa kabla haijafunguliwa. Sista mzuri hatakasirika. Juu yake kuna alama ya duara na ndani yake mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaunguzwa na joto. Mraba ukiwa na rangi sawa na duara, au mweusi zaidi, haitumiki. Kisha tazama kama bomba la kuchanganyia na la kumchoma mtoto yanatolewa kwenye pakiti mpya, na kama sista ameandika saa aliyoichanganya. Iliyochanganywa saa tatu asubuhi mwisho wake ni saa tisa alasiri. Ikiwa kazi ya kuchanja imeisha saa saba, mwisho wake ni saa saba, na iliyobaki inaingia kwenye sanduku hata kama chupa imejaa.